Udongo wa Ghuba Yetu

Jumatatu, Agosti 6, 2012

Kila kiangazi meli yetu, ambayo mimi ni mpishi wake, hupeleka mafuta, unga na watafiti kwenye vituo vya barafuni. Kila kiangazi huipita ghuba nilikozaliwa, huku visiwa vya Novaya Zemlya, bila kupunguza mwendo. Mama amelala pale. Wanajeshi walituhamisha nikiwa mtoto, wapate kujaribia mabomu yao. Sijapakanyaga tena.

Mwaka huu nashuka! Nimemwendea daktari, Rimma Pavlovna, nimeshika shavu. Jino linaniua, nikamwambia, dawa yake hewa ya nchi kavu. Akauliza lipi. Nikaonyesha. Akanyoosha kiganja: haya, Mzee Afanasi, yavue tuyaangalie.

Nilisahau kuwa meno yangu yote ni ya bandia.

Jumanne, Agosti 7

Gordei, serahangi, msimamizi wa mabaharia, kashapata habari. Mchana kutwa: "Mzee Meno, mkate utautafuna mwenyewe au tukusaidie?" Mpuuzi! Nimempakulia supu ya juujuu, maji matupu.

Hila mpya. Nimemnong'oneza Ulyana, binti anayechunguza mimea, kwamba ghuba ile huota ua la buluu lisilojulikana vitabuni. Uongo mtupu. Akamkimbilia nahodha. Nahodha akanung'unika: mafuta, ratiba. Nikaingia na chai. Nikasema watakaoshuka watarudi wakute pai za samaki, za moto. Pai zangu hazikataliwi. Amekubali!

Nimepiga viatu rangi.

Alhamisi, Agosti 9

Nilikuwa wa kwanza mashuani, na koti jipya. Nahodha akauliza, na pai atapika nani?

Nikarudi jikoni. Nafasi yangu kapewa Gordei. Gordei!

Nimekanda unga nikichungulia kidirishani. Ukungu mtupu. Hata kilima sikukiona. Pai zimeungua.

Ijumaa, Agosti 10

Gordei kaja jikoni, hana utani. Kaweka mezani kopo limejaa udongo. "Shika, Mzee. Nimesikia una mtu kule."

Udongo mwekundu. Wa kwetu ni mweusi kama masizi. Ulituingia kuchani siku ya kumzika Mama. Huu mwekundu ni wa ghuba ya pili, kwa majirani zetu akina Vanuito, tulikokuwa tukienda kuazima chumvi. Ukungu uliwapoteza. Nao Vanuito hakubaki hata mmoja.

Ulyana kapata ua la buluu. Anarukaruka.

Nikamwambia Gordei udongo ndio wenyewe. Nikampakulia supu ya chini, yenye nyama. Kisha nikachomeka kitunguu koponi, nikaliweka dirishani.

Mwakani najua la kufanya. Nitaumwa jino.