Pomboo Mwenye Masikio

Jumanne, 3 Februari

Wiki tatu nimechonga pomboo wa mpingo. Leo nimemwonyesha Babu Pivo. Akamgeuza. Akamgeuza tena. Akauliza kwa upole, mjukuu wangu, haya masikio ya nini? Ni mapezi! Binamu yangu Alisten akapiga kelele mpaka gatini: dada kachonga nguruwe, tena kanona! Nguruwe, kijiji kizima Wasabato tusiomla! Shangazi akamfunika pomboo kwa kitambaa cha meza, maana mchungaji alikuwa anapita.

Jumapili boti inakwenda mjini Gizo kwenye maonyesho ya wachongaji. Babu ana nafasi ya mjukuu mmoja tu. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Jumatano, 4 Februari

Nimeacha mti. Si kwa kushindwa! Sanaa imesonga mbele. Katika kitabu cha shule niliona michoro dhahania: mistari na maduara, haifanani na kitu chochote. Nani atakukosoa? Asubuhi nzima nimechora kwa mkaa nyuma ya kalenda ya kanisa. Babu akauliza juu ni wapi. Nikamjibu, karibu kwa sauti, kwamba ni popote. Akautundika ukutani. Alisten akasema kuku wake huchora hivyohivyo akitafuta minyoo. Wivu.

Ijumaa, 6 Februari

Jua linazama, Sabato inaingia, mchungaji akaja kula muhogo wa nazi. Akautazama mchoro. Akainamisha kichwa. Akaacha kutafuna. Akamuuliza Shangazi kwa huzuni, mama, nguruwe huyu kaingiaje humu?

Shangazi akaona pua. Alisten akaona mkia, akaanguka ngazini kwa kicheko. Nikaruka kuugeuza juu chini. Nguruwe amelala chali. Nikaulaza ubavu. Nguruwe anapanda mlima. Pande nne, nguruwe wanne!

Jumapili, 8 Februari

Nafasi kapewa Alisten na papa aliyemchonga. Babu alinivuta pembeni, akaniambia ningekusudia nguruwe tangu mwanzo, ningekuwa fundi kuliko yeye. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi si mtu wa nguruwe. Akacheka, akamtia pomboo wangu kikapuni. Boti ikaondoka. Nililia kidogo, kisha nikala muhogo wa Alisten.

Jumatano, 11 Februari

Wamerudi. Pomboo wangu ndiye wa kwanza kununuliwa! Mfugaji mmoja wa Gizo alimkumbatia kifuani kama mtoto. Anataka wengine watano, wanene zaidi, mikia ijikunje. Babu anasema nikiwamaliza, nafasi ya safari ijayo ni yangu.

Hatimaye kapatikana mtu anayemjua pomboo akimwona! Kesho narudi kwenye mti. Safari hii mapezi nitayafanya makubwa zaidi, asije mtu akayadhania masikio.