Taa za Kumchukulia Sheikh

Jumatatu, 4 Machi

Alhamdulillahi kwa kila hali. Alfajiri nilimfikisha Sheikh msikitini salama, kama nifanyavyo miaka yote tangu macho yake yapungue nguvu. Aliposhuka aliniombea dua, kisha akauliza kwa upole kama taa za gari nilikuwa nimeziwasha. Nikamjibu kuwa zinawaka tangu mlangoni kwake. Akasema inshaallah. Inshaallah ya Sheikh ni hukumu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza vitambaa, akaipata nafasi. Amenunua gari lenye taa zinazoonyesha hata sisimizi. Akatangaza mbele ya jamaa kwamba shemeji, yaani mimi, humbeba Sheikh kwa mwanga wa moto wa sigara. Akajitolea kumchukua Sheikh yeye mwenyewe. Sheikh akasema atamaliza wiki nami, Jumamosi ataamua.

Thawabu za miaka yote ziende kwa muuza vitambaa? Nimekusudia kubadilisha balbu. Nimeuchunguza moyo wangu, nikakuta humo nia mbili: kumhudumia Sheikh, na kumnyamazisha shemeji. Nimeitanguliza ya kwanza.

Mke wangu asema balbu hazina kosa. Vioo vya taa ndivyo vimegeuka njano, visuguliwe kwa dawa ya meno. Nikamweleza kwa utulivu kwamba jambo la heshima halitibiwi kwa dawa ya meno.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua balbu kali kuliko zote dukani. Juu ya boksi pana picha ya kidole kikigusa kioo cha balbu, kimepigwa mstari mwekundu. Nikaitafakari picha ile. Bila shaka ni onyo kwa wenye mikono michafu. Hivyo nikatawadha, nikajipaka mafuta ya miski viganjani kwa kuitukuza kazi, ndipo nikazishika balbu na kuzipachika kwa bismillahi.

Mwanga wake si wa kawaida. Nikamwita mke wangu aone nyufa za ukuta wa jirani. Akasema ukuta ule ni wetu.

Jumatano, 6 Machi

Inna lillahi. Tulipoondoka, Sheikh alisema mashaallah, neno ambalo gari hili halikuwahi kusikia. Mbele kidogo balbu ya kushoto ikalia pa, ikazima. Kwenye kona, ya kulia ikamfuata mwenzake. Sheikh akaanza kutamka shahada kwa sauti ya mtu anayeaga. Tukafika kwa tochi ya simu, yeye akiishika nje ya dirisha, mimi nikiendesha mwendo wa jeneza.

Shemeji alikuwa langoni. Akauliza gari tumelisukuma kutoka wapi, tupewe maji.

Nyumbani mke wangu alikitazama kipande cha balbu iliyopasuka, akaniuliza kama nilikigusa kioo. Nikamjibu: kwa mikono yenye udhu. Akakinusa. Akauliza udhu umeanza lini kunukia miski, na kama sijui mafuta yakipata moto hufanya nini. Mimi ni mtu wa elimu, nikabadilisha mazungumzo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejirekebisha. Nimenunua balbu za kisasa, zile zenye mwanga mweupe kama maziwa, nikazipachika nikiwa nimevaa glavu za mke wangu za kuoshea vyombo. Sikugusa kitu.

Kila balbu ina mshale mdogo ubavuni. Boksi lasema mshale uelekee juu. Nikaona hapa mtengenezaji amekosea, maana barabara iko chini. Nikaielekeza mishale chini.

Mke wangu alipita na dawa ya meno mkononi. Nikamwambia akapige mswaki.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa kalamu nzito.

Nilimwahi Sheikh mapema kuliko kawaida, nikaegesha mlangoni kwake, bondeni, upande wa mashariki wa msikiti. Nikaacha taa zikiwaka ili apokewe na nuru. Sikuwa na habari kwamba nuru hiyo haikuwa ikienda barabarani. Ilikuwa ikipanda mbinguni.

Muadhini wetu haamini saa. Hupanda darini kila siku kuitazama alfajiri kwa macho yake. Akaona weupe unachomoza mashariki. Akaadhini.

Mtaa mzima ukaamka kabla ya wakati. Shemeji alifika na kanzu ndani nje, akiuliza nani ameiba usingizi wake. Sheikh akatoka, akasimama mbele ya gari, akaniuliza kama aulizwavyo mwanafunzi wa darasa la kwanza: alfajiri ya kweli hukaaje? Nikajibu kuwa hutanda kwa upana. Na ile ya uongo? Nikasema husimama wima, kama mkia wa mbwa mwitu. Akaifuata kwa kidole miale yangu miwili hadi mawinguni. Nikazima.

Muadhini aliadhini tena wakati ulipoingia. Tangu hapo hanisalimii.

Jumamosi, 9 Machi

Usiku mke wangu alizirudisha balbu za zamani, akasugua vioo kwa ile dawa ya meno. Hakuniomba ruhusa. Nikaondoka alfajiri bila matumaini. Ajabu: barabara yote ilionekana, shimo kwa shimo.

Mlangoni kwa Sheikh nilikuta shemeji amekwisha kufika. Sheikh akatazama taa zangu, akaziona zinatazama chini kwa adabu, akapanda kwangu. Njiani alinong'ona kwamba shemeji aliwahi kumpa lifti moja tu, na tangu hapo anajua bei ya kila kitambaa duniani.

Nimetafakari siri ya mafanikio haya. Ni dhahiri: balbu za zamani zilihitaji mapumziko tu, na kuona kwamba wako wengine wa kushika nafasi yao.

Shemeji alitupita njiani akipiga honi yake mpya, nzito kama ya lori. Honi yangu hulia kama kifaranga. Haifai kwa gari la Sheikh. Mchana nimenunua kubwa kuliko yake. Boksi lina picha ya sikio lililopigwa mstari mwekundu.

Sina wasiwasi. Nitavaa glavu.