Prosesa Mbili, Mke Mmoja

Jumamosi, 2 Machi 2002. Wete.

Shangazi Mwanakhamis karudi kutoka Dubai! Alfajiri nilishafika mlangoni kwake, nimevaa kanzu ya Idi. Idi yenyewe niliila peke yangu, maana mke wangu Mize yuko kwao Wambaa, yapata miezi mitatu sasa. Aliondoka siku aliyogundua kuwa cherehani yake imegeuka bodi ya kompyuta. Lakini bodi gani! Ina vikao viwili vya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Pemba nzima hakuna. Nilimweleza, hakuelewa. Akafunga nguo zake.

Mpango ni huu. Prosesa mbili za namna moja: moja ishike picha, moja ishike sauti. Natia mkanda wa video wa harusi yetu, natoa sidii yenye maua pembeni. Naipeleka Wambaa. Mize anatazama, analia, anarudi. Cherehani inasahaulika.

Shangazi kafungua mzigo. Prosesa moja! Nikauliza ya pili. Kasema aliposoma kwenye karatasi yangu ya maagizo kuwa nataka zawadi ya prosesa mbili, alijua papo hapo moja ni ya Jecha wa Tumbe, mtoto wa baba yangu mdogo. Keshampelekea. Tena kanisifu mbele ya watu kwa kumkumbuka ndugu yangu.

Nikasema ahsante.

Jumapili, 3 Machi.

Tumbe kwa baskeli. Jecha anauza samaki, kompyuta haijui hata inawashwa wapi. Prosesa kaiweka kwenye kabati la vioo, baina ya birika na vikombe vya harusi yake. Inang'aa! Nimemwambia kile kijipande hakina maana, anipe nikamtupie. Kauliza kama hakina maana, mbona nimetoka Wete juani kukifuata? Kitu cha shangazi hakitoki nyumbani kwake.

Pembeni ya kabati ipo cherehani ya Mize. Ni Jecha huyu huyu niliyemuuzia. Kuna gauni la mtoto limebaki chini ya sindano, mkono mmoja bado. Nikageuka kutazama birika.

Jumanne, 5 Machi.

Tumbe tena. Nimemtisha Jecha kuwa prosesa ikikaa karibu na udongo hutoa joto, vikombe hupasuka. Kashtuka. Nikanyoosha mkono kuipokea. Kaihamishia rafu ya juu kabisa! Sasa hata kuiona lazima nichuchumie.

Jioni nimepanga vifaa kitandani, upande wa Mize. Memori nimeichagua upya mara ya nne. Feni: ya buluu au nyeusi? Mize angesema buluu. Nimechukua buluu. Nimekaa nayo mkononi mpaka Isha.

Jumatano, 6 Machi.

Shangazi kaleta ujumbe kutoka kwa Mzee Kificho, baba yake Mize. Ijumaa hii, baada ya sala, niende mwenyewe kumchukua mke wangu. Nisipoonekana, niandike talaka. Kachoka kuulizwa na majirani.

Shangazi kaongeza kwa sauti ya chini: Mize anauliza kama ninakula. Nikasema mwambie ninakula vizuri. Uongo mtupu. Chai na mkate wa boflo, asubuhi na jioni.

Namtaka mke wangu. Nimeyaandika haya nikaona aibu, lakini siyafuti.

Shangazi kasema basi si niende, nini kinachonizuia? Nikamwambia mikono mitupu siendi. Kauliza prosesa moja haiwezi kazi? Inaweza, tena vizuri tu. Lakini kile kikao cha pili kikae kitupu, kinanitazama? Yarabi, siwezi.

Alhamisi, 7 Machi.

Leo sikumtisha Jecha. Nilikaa tu mkekani kwake nikamwambia kweli yote, habari ya Ijumaa na talaka. Kumbe ana moyo! Kasimama, kaitoa prosesa rafu ya juu, kaiweka juu ya cherehani. Kasema nichague kimoja niondoke nacho, bure, nikamrudishe mke.

Mkewe kanikazia macho, kisha kaikazia macho cherehani, kisha mimi tena. Maskini, nadhani alikuwa na vumbi jichoni.

Nimechukua prosesa.

Ijumaa, 8 Machi.

Asubuhi nimeitia. Nimewasha. Kioo kimeandika: prosesa mbili. Allahu Akbar! Nimecheza peke yangu chumbani. Nikatia mkanda, gari la Mkoani, la kunifikisha Wambaa, bado saa nzima.

Akatokea Mize kiooni. Amekaa, amejitanda, hina mpaka viwikoni. Mimi naingia, najikwaa kwenye zulia. Yeye anaficha kicheko kwa kiganja. Sikuwahi kukiona kile kicheko! Siku ile nilikuwa chini nikitafuta kofia. Nikarudisha mkanda nikione tena. Nikarudisha tena. Honi ya gari niliisikia. Nikasema mara moja tu, kisha natoka.

Nimekwenda kusali, hutuba sikumbuki hata neno. Nimerudi mbio kwenye kicheko.

Umeme ukakatika. Kioo cheusi. Ndipo nikasikia adhana ya alasiri, na gari la mwisho limekwishaondoka.

Jumatatu, 11 Machi.

Shangazi kaja, hakutaka hata kukaa. Kasema Ijumaa walipika biriani. Mize alikaa na mkoba wake mlangoni toka adhuhuri mpaka magharibi, kila gari likipita anasimama. Mzee Kificho sasa hataki kuniona. Anataka karatasi ya talaka tu.

Nimelia mbele ya shangazi, mtu mzima mimi. Kanipa kalamu na karatasi.

Nimezirudisha. Karatasi ya namna hiyo haiandikwi kwa kalamu. Mwanamke kama Mize astahili herufi zilizonyooka na wino usiochuja. Inataka printa. Na printa si jambo la pupa: kuna za wino, kuna za unga, kuna za rangi. Lazima nizisome zote, niagize, nisubiri, isipofaa nirudishe.

Shangazi kauliza itachukua muda gani. Nikasema nikichagua kwa uangalifu, miaka. Na mpaka hapo Mize ni mke wangu.