Malalamiko Kuhusu Neno "Ndiyo" Kupigwa Marufuku Simuni

Bi Mastura Qodirova,
Mshonaji wa Magodoro ya Harusi,
Kichochoro cha Wafuma Hariri,
Margilan.
Jumamosi.

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa, Ndugu Ergash Mamajonov.

Ndugu Mwenyekiti, Kaka Ergash,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na wifi Inobat, watoto, wajukuu, ng'ombe wenu aliyezaa majuzi, na goti lako la kushoto ambalo tulisikia linakusumbua. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa kwa sababu yako.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa kule kwenye kundi letu la simu, ujumbe wangu ungezikwa chini ya maonyo kabla hujamaliza kutafuta miwani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu iliyopita, mikate ikiwa bado tanuruni, ulirusha kundini onyo lililozungushiwa miali ya moto. Lilisema matapeli wanapiga simu, wanauliza "Unanisikia?", na ukijibu "Ndiyo" wanainasa sauti yako na kuitumia kuuza nyumba yako. Mwishoni liliagiza: mtumie kila umpendaye. Watu wa mtaa huu wana mapenzi mengi, kwa hiyo kufikia adhuhuri hapakuwa na mtu ambaye hajatumiwa.

Tangu siku hiyo hakuna anayepokea simu kama binadamu. Muuza nyama ukimwuliza kama ana mafuta ya mkia wa kondoo, anakujibu, "Njoo ujionee." Mume wangu alikwenda kwa dada yake kule Kokand. Nikampigia kumwuliza kama amefika salama. Akakohoa, akasema, "Miguu iko hapa." Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa na nywele nyeusi, na hiyo ndiyo habari niliyopewa.

2. Nilikuuliza kwa heshima zote onyo hili umelitoa wapi. Ukaniambia, "Dada Mastura, nimelipata kwa mtu wa kuaminika kabisa." Mtu huyo ni kinyozi wako. Nilimwendea. Akasema huku wembe uko shingoni mwa mteja, "Mimi? Nimeletewa na shemeji yako Hoshimjon, na yule mzee hajawahi kudanganya." Nikamwendea Hoshimjon. Akafungua simu, akaperuzi, akanionyesha: alilitoa kundini kwako, mwaka jana. Onyo limezurura mji mzima, limerudi nyumbani kwa baba yake limechakaa, na baba mwenyewe hakulitambua. Ulilikaribisha kama mgeni!

3. Lakini sitaki ufikirie kwamba Mastura anasema wezi hawapo. Wapo, na huyo huyo Hoshimjon amempata wake. Alipigiwa simu na mwanamume mwenye sauti nzuri, akajitambulisha kuwa mtu wa usalama wa benki. Akasema kuna mhalifu anataka kukomba pensheni iliyo kwenye kadi, kwa hiyo wafanye haraka, na mzee asimwambie mtu.

"Baba, unanisikia?"

Hoshimjon, akilikumbuka onyo lako, akajibu, "Sauti yako inafika."

"Wewe ndiye mwenye kadi?"

"Kadi imo mfukoni mwangu."

"Basi nisomee namba iliyoingia sasa hivi kwenye simu yako."

Akamsomea tarakimu zote. Kwa kuwa ni mtu wa adabu, akazirudia polepole ili kijana wa watu asikosee. Pensheni iliondoka kabla hajaivaa kofia yake. Halafu akaja mbio kwangu, uso unang'aa, "Shemeji! Wamenijaribu leo, wameniweza? Sikutamka ndiyo hata moja!" Hadi leo anaamini alishinda, na kwamba pensheni imechelewa tu.

4. Sasa hapa, Kaka Ergash, naomba ukae chini. Siku iliyofuata askari wetu wa mtaa, yule kijana mwembamba, aliandika kundini maneno machache: namba inayoingia kwenye simu yako usimsomee mtu yeyote, hata akijiita benki, hata akijiita polisi, ukiwa na shaka kata simu, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi. Akaweka jina lake na mahali ofisi yake ilipo. Basi. Hakuweka moto wala fuvu, na hakumwambia mtu asambaze.

Ukamjibu mbele ya mtaa mzima, "Ndugu zangu, hili linaonekana la kutunga. Halina hata alama moja ya mshangao." Na ukalifuta.

Mimi si msomi, kazi yangu ni pamba na sindano. Lakini hata mimi nimeshaona tofauti. Mwizi anakuharakisha na kukuambia usimwambie mtu. Onyo la uongo nalo linakuharakisha, ila linakuambia umwambie kila mtu. Onyo la kweli linakuacha umalize chai yako, na lina mtu unayeweza kwenda kumgongea mlango. Hayo tu. Ungekuja kuniuliza ningekwambia bure.

5. Hili la mwisho ndilo lililonitoa machozi. Binti yangu Zilola, anayefanya kazi duka la dawa, ana kijana. Mimi sijui kama ana kijana, kama inavyompasa mama, lakini najua jina lake ni Doniyor, najua anafundisha hesabu, na najua ni mtu mpole anayenunua dawa ya kikohozi kila wiki na hakohoi. Tumekuwa tukisubiri wakwe wabishe hodi tangu majira ya kuchuma lozi. Hatimaye Alhamisi simu ikalia. Namba ngeni. Ilikuwa ni shangazi yake Doniyor, Bi Oyniso, ila mimi ningejuaje?

"Asalaam aleikum. Hapo ni kwa Bi Mastura?"

Nikasema, "Wa aleikum salaam. Wapo wanaoniita hivyo."

"Tumeambiwa una binti, Zilola."

"Humu ndani anaonekana msichana wa jina hilo."

"Mama, unanisikia vizuri?"

Ndilo swali lenyewe! Nikasema, "Masikio ninayo."

"Basi, tungependa kuja kunywa chai kwenu Jumapili. Mtatupokea?"

Kaka Ergash, nimelisubiri swali hilo tangu Zilola akiwa mtoto mchanga kwenye susu. Magodoro yake ya harusi nimeshayashona, yamepangwa hadi yanagusa dari. Na neno lililokuwa ulimini mwangu lilikuwa lile moja ulilotukataza. Nikaliona onyo lako na moto wake wote. Nikaiona nyumba yangu inauzwa. Nikasema, "Mlango wetu uko pale pale ulipo."

"Sasa hapo, mama, mimi nielewe nini?"

"Elewa upendavyo," nikasema, nikakata simu.

Zilola alikuwa amesimama nyuma yangu. Tangu siku hiyo ananimiminia chai bakuli linajaa hadi ukingoni, kama anavyomiminiwa mgeni anayetakiwa aondoke. Mama yake mzazi! Nimekunywa chai hiyo nikilia, na ni haki yangu.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo. Kwanza, neno ndiyo lirudishwe kwa wananchi hadharani, kwa yale matarumbeta marefu ya harusi, yapigwe nje ya nyumba yako asubuhi. Halafu, kila atakayesambaza onyo ambalo hakulihakikisha apikie mtaa mzima pilau, kwa nyama ya kondoo na zabibu, wala si kwa mafuta matupu. Nimepiga hesabu nikaona kwa mwendo wako tutakula kwako hadi majira ya aprikoti za mwakani, na sisi hatuna kinyongo na hilo.

Zaidi ya hapo, naomba mtaa uajiri tapeli wake rasmi. Awe mtu mzoefu, mwenye sauti nzuri, atupigie wote kwa zamu na kutuomba namba zetu, tupate mazoezi. Atakayempa namba anapewa fagio afagie uchochoro. Hoshimjon apigiwe mara mbili. Tapeli huyo apewe chumba ofisini kwako, meza, na birika la chai. Na ikionekana anaaminika kuliko mwenyekiti, basi uchaguzi ujao tutajua la kufanya.

Mwisho, na hili silitanii, naomba uende mwenyewe kwa Bi Oyniso, umweleze kwamba mimi si mwanamke mwenye kiburi wala si mwendawazimu, ila ni mkazi mtiifu wa mtaa unaoongozwa na wewe.

Nisalimie wifi Inobat, watoto wote, majirani wa upande wa mfereji, na yule askari mwembamba ukimwona, umwambie ale.

Wako katika ujenzi wa mtaa,
Mastura Qodirova.

Baada ya kusaini: Leo ni Jumapili. Nilikuwa nimeshavaa viatu nikuletee barua hii, hodi ikabishwa. Ni Bi Oyniso na dada zake wawili, na mikate imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikaona aibu, nikaanza kumweleza habari za onyo. Akanishika mkono, akasema, "Mwenzangu, usijieleze. Tumewaposea vijana wetu wengi, tumepigia simu nyumba nyingi mji huu. Hatujamaliza hata salamu, mama wa watu anasema ndiyo, ndiyo, njooni, kama anauza tikiti bovu. Kwako tu ndiko nimekuta mama anayemthamini mwanawe. Hata nilipokuuliza kama unanisikia, hukukubali! Nikawaambia dada zangu, twendeni huko huko, hapo ndipo penye heshima ya kale."

Kwa hiyo, Kaka Ergash, mambo yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Onyo lako ni la kweli tupu, lisambaze tena kesho asubuhi, uongeze moto, na uhakikishe linazifikia nyumba zote zenye mabinti. La askari unaweza kuliacha, ila msomeeni Hoshimjon.

Tumeumega mkate wa uchumba. Kabla ya kuumega waliniuliza kama ninakubali, na mimi nikakusanya simu zote za nyumba pamoja na za wageni, nikazipeleka zizini, nikafunga mlango. Halafu nikarudi nikasema ndiyo, kwa sauti kubwa kiasi kwamba Zilola aliisikia jikoni, akaangusha birika.