Kutu ya Miaka Mia Sita

Jumamosi, 29 Juni
Shemeji Ireneusz kaja kula mchana akiwa amevaa bamba jipya la chuma kifuani. Kala supu nalo! Kila akiinama linagonga meza. Mke wangu Danuta, ambaye ni dada yake, kacheka mpaka kashika mbavu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jioni Bi Grażyna, mkuu wa kikosi chetu cha maigizo ya vita, kapiga simu. Ukaguzi ni tarehe 13, asubuhi ya mapigano. Kila tulichovaa kiwe cha askari wa mwaka 1410, mwaka wa vita tunavyoigiza, asione zipu wala plastiki. Akanikumbusha, bila kuulizwa, kwamba mwaka juzi nilikwama kwa soli za mpira na mwaka jana kwa miwani. Nikikwama tena nahamia jikoni kambini, moja kwa moja, kumenya viazi. Nikamwambia mwaka 1410 Poland haikuwa na viazi. Akasema basi nitamenya vitunguu.

Sitaki jikoni! Nataka mstari wa mbele, mkuki mkononi, Danuta akinitazama. Bajeti: mashine ya kufulia imekufa wiki iliyopita. Kwa hiyo bajeti hakuna.

Jumatatu, 1 Julai
Koti la vita. Askari wa kawaida alivaa koti nene la kitani lililoshindiliwa vitambaa ndani. Wengine hununua. Mimi nina akili. Nimechukua pazia za kitani za mama mkwe (yuko milimani kwa dada yake, hatajua) na mfarishi wake wa manyoya ya bata bukini. Nimeshona kwa cherehani, kisha juu yake nikapitisha uzi kwa mkono, ovyo ovyo, makusudi. Grażyna hukagua mishono kwa kioo cha kukuzia. Nikilivaa nafanana na mto wa kulalia, lakini mto wa zamani.

Danuta kauliza pazia za mama ziko wapi. Nikasema zinafuliwa. Akauliza, kwa mashine ipi?

Alhamisi, 4 Julai
Nimepata kofia ya chuma kwa mzee mmoja aliyeacha mchezo huu kwa sababu ya magoti. Tatizo: inang'aa kama bomba la bafuni. Nani ataamini ni ya 1410? Vitu vya 1410 nimeviona makumbusho. Vyote vina kutu!

Ireneusz yeye yuko uani kwake anasugua bamba kwa mchanga na siki, anapiga mluzi. Nilimhurumia kidogo. Sikumwambia kitu.

Kofia nimeichovya kwenye pipa la matango ya chumvi, kisha nikaifukia bustanini.

Jumatano, 10 Julai
Nimeifukua. Nzuri mno! Rangi ya karoti! Danuta kasema inanuka. Kasema pia matango yake yote yana ladha ya msumari, na nikalale sebuleni.

Jumamosi, 13 Julai
Ukaguzi. Grażyna kamtazama Ireneusz, kaitikia kwa kichwa, kapita. Kafika kwangu. Kauliza kofia hii ina umri gani. Nikajibu kwa fahari: miaka mia sita na ushei.

“Bogumił,” akasema, “sisi hapa tuko mwaka gani?”

Nikasema 1410.

“Basi kofia yako imetoka kwa mhunzi juzi. Kutu yote hiyo umeiokota wapi, baba?”

Kikosi kizima kikacheka. Akabonyeza kofia kwa kidole. Kidole kikatokea upande wa pili.

Nilitaka kulia, nakiri. Nilikuwa nimeshakabidhiwa kisu na kikapu cha vitunguu alipokuja Ireneusz. Mkononi ana kofia ya marehemu baba mkwe, ile aliyoifua mwenyewe kwa nyundo majira yote ya baridi. Inaonekana kila mahali nyundo yake ilipotua. Akasema, “Vaa, shemeji. Ila nirudishie salama, ndiyo baba aliyotuachia.” Kisha akaenda kumbembeleza Grażyna mpaka akakubali.

Nikasimama mstari wa mbele! Danuta alinipungia mkono. Pigo la kwanza koti likapasuka, manyoya yakatanda uwanja mzima, adui wakapiga chafya. Ireneusz akanikinga kwa ngao mpaka mwisho. Watazamaji walishangilia sana, nadhani walinishangilia mimi.

Jumatatu, 15 Julai
Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilipeleka kitu kikuukuu mahali panapotakiwa vitu vipya. Sasa nimeelewa. Mwaka 1410 kila kitu kilikuwa kipya!

Na wema wa shemeji sharti niulipe. Leo, bila kumwambia mtu, nimeipeleka kofia ya baba mkwe kwa fundi anayechovya bampa za pikipiki kwenye kromu zing'ae kama kioo. Kaigeuza geuza, kasema kromu haikai vizuri juu ya mabonyeo hayo ya nyundo, itabidi kwanza ayasage yote mpaka chuma kiwe laini. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Nikamwambia saga, ndugu yangu, lisibaki hata moja. Ireneusz atalia.