Ambari ya Babu Yangu Mwinyi Kombo

Leo nimeadhirika, mashoga zangu. Wala si uchochoroni. Skuli ya Likoni, mbele ya watu.

Alikuja Bwana Kazungu, yule wa makumbusho, aliyesoma mpaka akasahau kuchana nywele. Anakusanya vitu vya nyangumi, mji usisahau kuwa wazee wetu waliwawinda. Nikavaa buibui jipya, mkononi kijaluba cha ambari ya babu yangu, Mwinyi Kombo bin Shee, mrusha chusa, ule mkuki wa kuwindia nyangumi. Ambari, kwa asiyejua, hutoka tumboni mwa nyangumi. Ukiikwangua kidogo katika kahawa, bwana harusi hasinzii. Miaka thelathini nimewakwangulia mabwana harusi wa mtaa mzima. (Kuichoma sijapata. Mali ya babu haichomwi ovyo.)

Kila kitu kingewekewa kadi yenye jina la mwenyewe. Nilitaka wajukuu zangu wasome la babu.

Mbele yangu alisimama jirani yangu, Bi Zena binti Omari, na kipande chake cha kijivu. Nikamwambia hiyo nta ya mshumaa, akaiwashe umeme ukikatika. Babake alivua dagaa, nyangumi alimwona wapi? Akatabasamu tu. (Hapo ndipo ilinipasa niogope.)

Bwana Kazungu akapasha sindano moto, maana ambari ya kweli hunukia ikiguswa na moto, akaidunga ya Bi Zena. Skuli nzima ikanukia kama siku ya Idi.

"Sasa ngoja ya wenye ukoo," nikasema.

Akaidunga yangu. Ikatoka harufu ya malori ya Changamwe. Watu wakaziba pua.

"Samahani, bibi," akasema kwa adabu. "Hii ni lami."

"Lami ya wapi?"

Akajibu Bi Zena, taratibu: "Ya barabara ya feri, shoga. Si marehemu mumeo Athumani ndiye aliyekuwa akiitia?"

Nikakumbuka mwaka ule wa barabara Athumani aliniletea redio kubwa, akasema bosi kamtunuku. Bosi! Ambari ya babu yangu imegeuka redio, na mimi nikaichezea taarabu. Tena nilimkalia eda kamili, na machozi juu.

Kadi ikaandikwa Omari, mvua dagaa.

Sasa najua mnacheka. Chekeni, lakini kidogo. Mimi majina sisahau: waume zenu walioinywa ile lami nawajua mmoja mmoja, na aliyerudi kuomba kikombe cha pili pia namjua.