Agizo la Kutojuana

Ilitangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti, baada ya Imamu kuombwa mara tatu, kwamba Serikali imeamua kumlinda kila mkazi wa Chundwa dhidi ya kila mkazi mwengine wa Chundwa.

Ulinzi huo ungetolewa katika lililokuwa ghala la nazi, ambalo sasa ni Ofisi ya Ulinzi wa Akaunti, Kanda ya Visiwa. Afisa wake mkuu, na wa pekee, ni Bwana Jeilani, mzaliwa wa papo hapo, aliyerudi kutoka masomoni na kompyuta moja, mihuri minne na tai.

Zamani ukitegewa "nyumba yangu haina mlango", jibu lilikuwa yai. Siku hizi ni akaunti ya serikali; na yai afadhali, lapasulika.

Bi Fahima alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na madaktari wa kupasua macho huja Lamu mara moja kwa mwaka. Safari hii ni Jumatatu. Nafasi alishapewa, lakini alitakiwa kuithibitisha ndani ya akaunti yake kabla ya saa sita mchana siku hiyo, na akaunti ilikuwa imefungwa.

"Kuna mhalifu," alisema Bwana Jeilani kwa huzuni ya kikazi. "Jana mtu asiyejulikana alijaribu kuingia kwako mara tisa. Alikosea herufi zote."

"Ni mimi huyo, mwanangu. Sioni."

"Ndivyo wasemavyo wote." Akamgeuzia kompyuta. "Utaratibu wataka uthibitishe kuwa wewe ni binadamu. Soma herufi hizi zilizopinda."

Bi Fahima akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Naona moshi."

"Moshi si sahihi. Basi twende kwenye maswali ya siri. Punda wako wa kwanza aliitwa nani?"

"Balozi!" ilijibu benchi nzima ya waliongojea zamu.

"Aliyekula kanzu yangu ya arusi," aliongeza Bwana Madi, mkulima wa simsim.

Bwana Jeilani akasogea kwenye swali la pili. "Mama yako alizaliwa wapi?"

"Kizingitini," alijibu Bi Swafiya, jirani, kabla Bi Fahima hajafungua kinywa. "Tena alitanguliza miguu."

Afisa akavua miwani. Watu kumi na mmoja walikuwa na siri za mtu mmoja! Hilo lilikuwa genge. Akachukua karatasi, akaandika, akagonga mihuri yote minne, akasimama kusoma:

"Agizo Namba Saba. Kuanzia sasa ni marufuku mkazi kumjua mkazi mwenziwe. Atakayekosea neno lake la siri mara tatu atahesabiwa mgeni asiyejulikana, mpaka ashuhudiwe na mtu aliyemtazama kwa macho yake mwenyewe."

"Agizo la kwanza hadi la sita yako wapi?" aliuliza Bwana Madi.

"Hayo ni ya siri."

"Na mke wangu je?"

"Mjue kwa kiasi."

Akaketi kuliingiza agizo kwenye kompyuta. Neno lake la siri lilikuwa na herufi thelathini, na kila asubuhi alilibadilisha, kwa usalama zaidi. Akaandika, likakataliwa. Akafunika mkono kwa tai, akaandika tena. Mara ya tatu kompyuta ikalia kama kuku aliyekanyagwa: AKAUNTI IMEFUNGWA. MPIGIE MSIMAMIZI.

Akampigia. Simu ikalia mfukoni mwake mwenyewe, ile ya ofisi.

Akatoa fomu ya ushahidi. "Bwana Madi, nishuhudie. Tumesoma chuo kimoja cha Kurani."

"Chuoni walikuwa wengi, bwana. Sikujui."

"Bi Swafiya! Wewe ni mama yangu wa ziwa!"

"Astaghfirullah! Nimnyonyeshe mwanamume mgeni?"

Bi Fahima hakucheka. Ilibaki robo saa kufika saa sita, na mwaka mzima wa kupapasa kuta ulikuwa mbele yake.

"Huko hospitali hakuna simu?" aliuliza.

Hilo halikuwa kwenye utaratibu. Lakini mtu asiyejulikana hana utaratibu wa kuvunja, kwa hiyo Bwana Jeilani akapiga, akaiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Sista Kagendo hapa. Nani? Bi Fahima wa Chundwa? Huyo tunamjua! Yuko kwenye daftari tangu mwezi uliopita. Aje tu Jumatatu na mtu wa kumshika mkono."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Fahima.

"Na wewe ni nani?" aliuliza Sista.

Bwana Jeilani akaitazama mihuri yake, mmoja mmoja.

"Haloo? Nani anaongea?"

Akamgeukia Bi Fahima, sauti imekuwa ya mtoto. "Bi Fahima, wewe ndiwe uliyenikata kitovu. Nishuhudie."

Bi Fahima akamsogelea, akampapasa shavu, kisha akatikisa kichwa. "Sauti naijua, mwanangu. Lakini karatasi yako yataka mato ya kuonea." Akaushika ukuta, akaanza ndia ya kwenda kwake. "Ngoja nikatibiwe. Nikirudi nitakutazama vizuri. Nikikujua, nitasema."

Bwana Madi akasogea kidogo, akamwachia afisa nafasi mwisho wa benchi.